Mashine Huona Kilichobadilika, Mtu Hujua Kwa Nini

Siku hizi hospitali, zahanati, shule na SACCOS nyingi za kanisa katika Nyanda za Juu Kusini zinatunza kumbukumbu zake kwa kompyuta. Programu zinazotumika hazikai vilevile miaka yote. Bei za dawa hupanda, fomu za Wizara hubadilika, na kila mara mtu hufungua maandishi ya programu na kuyarekebisha. Katika makala hii tunaeleza jambo dogo ambalo watumiaji wengi hawalioni, yaani ujumbe unaoandikwa kila programu inaporekebishwa. Tunaangalia pia kama inafaa kuiachia Akili Mnemba kazi ya kuuandika.

Daftari la mabadiliko

Wataalamu wa TEHAMA hutumia programu maalumu ya kutunza historia ya marekebisho. Inayotumika zaidi duniani ni Git, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwezi Aprili 2005 kwa ajili ya kazi ya kutengeneza Linux. Git hufanya kazi hata pasipo intaneti, kwa kuwa historia yote hukaa ndani ya kompyuta ya mtumiaji. Kwa kituo kilichoko milimani ambako mtandao unasumbua, huo ni msaada mkubwa.

Kila marekebisho yanapohifadhiwa, Git huandika nani aliyebadilisha, siku na saa, na mistari ipi imeondolewa au kuongezwa. Hatua hiyo moja ya kuhifadhi huitwa komiti (tusiichanganye na kamati). Kisha Git humtaka mhusika aandike ujumbe. Tunaweza kuulinganisha na ripoti ya zamu wodini. Muuguzi wa usiku hamwachii mwenzake dripu inayoning'inia tu. Anaandika kwa nini iliwekwa, na nini kiangaliwe asubuhi.

Ujumbe huu una umuhimu wa pekee katika taasisi zetu, kwa sababu programu moja hupita katika mikono mingi. Care2x, kwa mfano, ni programu huria ya hospitali iliyoanza 2002. Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) liliichukua na kuirekebisha ili ifae hospitali zake. Pia vijana wanaosoma kompyuta katika vyuo vikuu vya Mbeya na Iringa huja kwenye taasisi kwa mafunzo ya vitendo kwa wiki chache, kisha huondoka. Afisa TEHAMA naye huhamia Dodoma au Dar es Salaam. Akiondoka, kinachobaki kueleza kazi yake ni ujumbe aliouandika.

Akili Mnemba inavyosaidia

Watu wengi huona uvivu kuandika ujumbe huo. Ukifungua historia ya programu nyingi utakuta maneno kama "marekebisho", "nimerekebisha tena" au "sasa sawa". Maneno hayo hayamsaidii mtu yeyote.

Miaka ya karibuni zimekuja zana zinazoandika ujumbe kwa niaba ya mtu. Zana husoma mistari iliyobadilika, huipeleka kwa Akili Mnemba, na baada ya sekunde chache hurudisha sentensi zilizopangwa vizuri. Faida zake tusizidharau. Haichoki, huorodhesha mafaili yote yaliyoguswa, na humsaidia kijana ambaye Kiingereza chake si kizuri kuandika ujumbe unaoeleweka na wenzake wa nchi nyingine. Ikiombwa, huandika kwa Kiswahili pia.

Lakini ina mpaka. Inasoma maandishi yaliyo mbele yake. Haikuwepo kwenye kikao ambacho uamuzi ulifanyika.

Mfano wa Makete

Hadi 2012 Wilaya ya Makete ilikuwa katika Mkoa wa Iringa. Mwaka huo uliundwa Mkoa wa Njombe, na Makete ikawa sehemu yake. Vivyo hivyo mwaka 2016 Mkoa wa Songwe ulitoka katika Mkoa wa Mbeya, ukiwa na wilaya kama Mbozi, Ileje na Momba. Tuseme leo hospitali moja ya Makete inarekebisha programu ya zamani ambayo bado ina orodha ya mikoa ya kabla ya 2012. Afisa TEHAMA anabadilisha mistari michache, kisha anaiomba Akili Mnemba iandike ujumbe. Inaandika hivi:

"Kubadilisha mkoa wa Makete kutoka Iringa kuwa Njombe."

Ujumbe huo ni wa kweli. Huenda mashine ikaongeza hata habari ya kugawanywa kwa mkoa, kwa kuwa jambo hilo linajulikana. Lakini haiwezi kujua uongozi wa hospitali uliamua nini kuhusu wagonjwa wa zamani. Mtu aliyekuwepo angeandika hivi:

"Makete iwe Mkoa wa Njombe kuanzia 2012.

Wagonjwa walioandikishwa kabla ya hapo wabaki Iringa, kwa sababu ripoti zao zilishapelekwa kwa jina hilo. Wasihamishwe. Uamuzi wa mganga mfawidhi na mtunza kumbukumbu."

Baada ya miaka mitatu anakuja afisa mwingine. Anakuta wagonjwa wa Makete wengine wako Iringa na wengine wako Njombe. Kama amesoma ujumbe wa kwanza tu, atadhani ni kosa na kuwahamisha wote. Hapo ripoti za 2010 na 2011 hazitalingana tena na zile zilizopelekwa wilayani na kwa wafadhili. Idadi ya watoto waliochanjwa itaonekana imepungua, ingawa hakuna mtoto aliyekosa chanjo. Hospitali iliyosema kweli itaonekana imedanganya. Sentensi mbili zingeweza kuzuia jambo hilo.

Siri za wagonjwa

Kuna jambo jingine la kuangalia. Zana nyingi za aina hii hupeleka mistari iliyobadilika kwenye seva za kampuni nje ya nchi. Ndani ya mistari hiyo panaweza kuwa na neno la siri la hifadhidata, au jina la mgonjwa wa kweli lililotumika katika majaribio. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inaweka masharti juu ya kusafirisha taarifa za watu nje ya nchi, na taarifa za afya ni miongoni mwa zile zinazohitaji uangalifu zaidi. Zipo modeli ndogo zinazofanya kazi ndani ya kompyuta yenyewe bila kupeleka kitu nje. Hizo zinafaa zaidi kwa kazi za hospitali.

Tukumbuke pia kwamba Git haisahau. Neno la siri lililohifadhiwa kwa bahati mbaya hubaki katika historia hata likifutwa kesho yake. Dawa yake ni kulibadilisha mara moja.

Ushauri wetu

1. Akili Mnemba iandike nini kimebadilika, ukitaka. Kwa nini kimebadilika, andika mwenyewe.
2. Soma ujumbe wote kabla ya kuukubali, kwa kuwa jina linalobaki pale ni lako. Katika Linux, tangu 2004, mtu anayetuma badiliko hutia saini yake kulithibitisha.
3. Hifadhi jambo moja kwa wakati mmoja. Komiti yenye mambo kumi haielezeki, na mtu wala na mashine.
4. Mstari wa kwanza uwe mfupi, kama herufi 50 hivi. Acha mstari mtupu, kisha toa maelezo.
5. Kama watakaousoma ni Waswahili, andika Kiswahili.

Katika kitabu cha Yoshua sura ya 4, Waisraeli walichukua mawe kumi na mawili kutoka mto Yordani na kuyasimamisha Gilgali. Watoto wangeyaona mawe bila kuambiwa na mtu, lakini maana yake walipaswa kuuliza, na wazazi waliagizwa kujibu. Nasi tusiwaachie watakaokuja baada yetu mawe bila maelezo.

Maswali ya kujadili

- Katika taasisi yako, nani anajua sababu za marekebisho yaliyofanyika mwaka jana? Akiondoka leo, sababu hizo zimeandikwa wapi?
- Je, taarifa za wagonjwa, wanafunzi au wanachama wenu hupelekwa kwenye zana za Akili Mnemba? Nani aliruhusu?