Kosa Linavyosafiri: Tathmini za Mafao ya Ulemavu Uingereza

Katika miaka ya mwisho ya muongo uliopita, watu wapatao saba katika kila kumi waliofikisha shauri lao la PIP mbele ya baraza la rufaa nchini Uingereza walishinda. PIP ni fedha anazolipwa mtu mzima mwenye ulemavu au ugonjwa wa muda mrefu ili amudu gharama za ziada za maisha, awe na kazi au asiwe nayo. Idara ya serikali inayoshindwa kwa kiwango hicho, mwaka baada ya mwaka, ina kasoro isiyoelezeka kwa uzembe wa mtumishi mmoja mmoja.

Wizara ya Kazi na Pensheni ina jibu lake: ukichukua maamuzi yote, yale yanayotenguliwa na baraza ni asilimia chache tu. Hesabu hiyo ni sahihi, ila inahesabu ukimya kuwa ridhaa. Mwombaji aliyenyimwa haruhusiwi kwenda moja kwa moja kwenye baraza. Tangu 2013 analazimika kwanza kuiomba wizara ileile iliyomnyima iutazame upya uamuzi wake, na wengi huishia hapo. Mwaka 2017 ilifahamika kwamba maofisa wa hatua hiyo walikuwa wamewekewa lengo la kiutendaji: asilimia 80 ya maamuzi ya awali yabaki kama yalivyo. Wizara ilisema baadaye kwamba lengo hilo limeachwa. Aprili 2013, mwezi uleule PIP ilipoanza, msaada wa kisheria unaogharimiwa na serikali uliondolewa kwa sehemu kubwa ya kesi za mafao katika England na Wales. Basi aliyekomea njiani huenda alikubali kwamba hakustahili, au alichoka, au hakujua aandike nini. Takwimu haziwatenganishi watu hao watatu, na wizara huwaweka wote upande wake.

Kanuni zenyewe, zikisomwa peke yake, hazina ukatili. Shughuli kumi na mbili hupimwa: kumi za maisha ya kila siku, kama kupika chakula chepesi, kuoga, kuvaa na kusimamia dawa, na mbili za kutembea na kusafiri. Katika kila moja ya sehemu hizo mbili, alama 8 humpa mwombaji kiwango cha kawaida na 12 kiwango cha juu. Sheria inataka mtu ahesabiwe kuwa anaweza jambo pale tu anapolifanya kwa usalama, kwa ubora unaokubalika, kwa kurudia kila inapohitajika na bila kuchukua muda kupita kiasi. Na hali inayopimwa ni ile ya zaidi ya nusu ya siku zake. Mtu akisoma hapo anaweza kudhani mambo yamekamilika. Ugumu unaanza pale hali ya siku mia inapotafutwa ndani ya mazungumzo ya saa moja hivi.

Mazungumzo hayo huendeshwa na mwajiriwa wa kampuni iliyopewa mkataba na wizara: muuguzi, mtaalamu wa tiba ya viungo, pengine mhudumu wa gari la wagonjwa. Hatakiwi kuwa bingwa wa ugonjwa anaoupima. Hajawahi kumtibu mwombaji wala hatamtibu. Tangu Machi 2020, sehemu kubwa ya mahojiano imehamia kwenye simu, kwa hiyo mara nyingi hata hamwoni. Anaandika ripoti, ripoti inakwenda kwa ofisa wa wizara, na ofisa huyo, ambaye naye hajamwona mhusika, ndiye anayeamua. Daktari anayemjua mgonjwa kwa miaka yumo kwenye mnyororo huu kama karatasi iliyoambatishwa, ikiwa karatasi hiyo ilipatikana kwa wakati.

Katika pengo hilo kati ya anayejua na anayeandika, dhana hupata nafasi ya ushahidi. Mwombaji huulizwa amefikaje, anapenda kutazama nini kwenye televisheni, nani humpikia. Ni maswali ya kirafiki, na kila jibu lina kazi ya pili. Aliyeendesha gari kwa dakika kumi huandikwa kuwa ana nguvu za mikono na umakini wa akili. Aliyetulia kwenye kiti huandikwa kuwa anaweza kukaa. Katika mahojiano mengine, ya uwezo wa kufanya kazi, yaliyoanza 2008 sambamba na posho ya ugonjwa iitwayo ESA, kampuni ya Atos ilitumia programu ya kompyuta iliyoitwa LiMA, iliyompa mtathmini sentensi zilizokwisha tungwa achague. Chombo cha namna hiyo huharakisha kazi. Pia humwezesha mtathmini kuandika jambo ambalo hakulisikia. Kamati ya Bunge ya Kazi na Pensheni ilipowaalika wahusika waeleze yaliyowapata, zaidi ya watu 3,500 waliandika, na ripoti yake ya Februari 2018 ina kisa cha mtu asiyeweza kutembea vizuri aliyesoma kwenye ripoti kwamba humtembeza mbwa wake kila siku. Hakuwa na mbwa.

Kuna upotofu mwingine usiohitaji mtathmini mvivu wala programu mbovu. Maumivu ya mgonjwa wa baridi yabisi hupanda na kushuka. Siku ya maumivu makali hawezi kutoka kitandani, kwa hiyo hatafika kwenye mahojiano. Na asipofika bila sababu itakayokubaliwa, ombi lake hukataliwa. Akifika, amefika kwa sababu siku hiyo ilikuwa nafuu. Mfumo hukusanya siku nafuu na kuziita hali halisi. Kanuni ya zaidi ya nusu ya siku iliwekwa kuzuia hilo hasa, lakini inategemea mtathmini aulize kuhusu siku ambazo hakuziona na kisha amwamini anayejibu. Katika maelezo mafupi ambayo mabaraza yamekuwa yakiyatoa ya kwa nini uamuzi wa wizara umetenguliwa, sababu iliyojitokeza zaidi ni ushahidi wa mdomo wa mwombaji mwenyewe. Maana yake ni kwamba mtu alisikilizwa.

Kwa nini chombo kama hiki kiliundwa? Mpangilio wa matukio unaeleza mengi. Bajeti ya Juni 2010 ilitangaza kwamba posho ya zamani ya ulemavu, DLA, ingewekewa tathmini mpya ya kitabibu, na kwamba matumizi yangepungua kwa asilimia 20. Akiba ilitangulia, kipimo kikafuata. Katika kutembea, kipimo kilichokuwa kikitumika kwa kawaida chini ya DLA kilikuwa mita 50. PIP ilishusha kizingiti cha kiwango cha juu hadi mita 20. Wenye kiwango hicho hukodi gari kupitia mpango wa Motability, na anayekipoteza hulirudisha. Kwa aliyekuwa akilitumia kwenda kazini, uamuzi uliokusudiwa kupunguza utegemezi unaweza kummalizia ajira. Machi 2017 serikali ilibadilisha kanuni ili asiyeweza kusafiri peke yake kwa sababu ya hofu kubwa au maradhi ya akili apate alama pungufu. Desemba ya mwaka huo Mahakama Kuu ilitamka kwamba mabadiliko hayo yalikuwa ya kibaguzi, na wizara ikajikuta na mafaili yapatayo milioni 1.6 ya kupitia upya.

Kwa kipimo chake chenyewe mpango wa PIP ulishindwa. Januari 2019 ofisi huru inayokagua makadirio ya bajeti ilionyesha kwamba PIP iligharimu kama asilimia 15 hadi 20 zaidi ya kile ambacho DLA ingegharimu. Uhitaji haukuwa wa kubuni, kwa hiyo haukutoweka ulipobadilishiwa fomu. Kupima nako kulipanda bei: mwaka 2016 wakaguzi wa hesabu za taifa walikadiria kwamba tathmini moja ya ESA ingetoka pauni 115 hadi 190 chini ya mkataba mpya, baada ya Atos kujitoa kabla ya muda na kampuni ya Maximus kuchukua nafasi yake mwaka 2015.

Kuhusu afya ya waliopimwa, ushahidi unahitaji kushikwa kwa uangalifu. Utafiti uliochapishwa 2015 ulilinganisha maeneo 149 ya serikali za mitaa za England, ambamo zaidi ya watu milioni moja walipimwa upya uwezo wao wa kufanya kazi kati ya 2010 na 2013. Pale wengi zaidi walipopimwa, matatizo yaliongezeka zaidi: kwa jumla, vifo vya ziada 590 vya kujiua, watu 279,000 zaidi wenye matatizo ya akili, na maagizo 725,000 zaidi ya dawa za sonona. Huu ni uhusiano wa kitakwimu kati ya maeneo, na hauthibitishi chanzo cha kifo chochote kimoja. Hata hivyo, mwaka 2014 mchunguzi wa vifo wa London aliiandikia wizara kwamba katika kifo alichokichunguza yeye, kilichokichochea ni mtu huyo kuambiwa kwamba anafaa kufanya kazi. Mwaka 2016 kamati ya Umoja wa Mataifa ya haki za watu wenye ulemavu ilihitimisha kwamba haki hizo zimevunjwa kwa uzito au kwa utaratibu. Serikali ilikataa hitimisho hilo.

Uskoti imejaribu njia nyingine tangu 2022. Imebaki na mizani ya alama inayofanana sana na ya PIP, lakini makampuni binafsi yameondolewa, na mwombaji huitwa kwa mazungumzo pale tu maandishi yasipotosha.

Kwingineko uzito wa tathmini ya PIP unaongezeka. Waraka wa serikali wa Machi 2025 ulipendekeza mahojiano ya uwezo wa kufanya kazi yafutwe mwaka 2028, na tathmini ya PIP iwe mlango pekee wa kupata nyongeza ya ugonjwa ndani ya posho kuu ya Universal Credit. Waraka huohuo ulitaka pia masharti ya PIP yakazwe. Wabunge wa chama tawala walipoasi, kifungu cha kukaza masharti kiliondolewa kwenye muswada Julai 2025, siku ya mjadala wake bungeni. Kupunguzwa kwa nyongeza ya ugonjwa kwa waombaji wengi wapya, kutoka pauni 97 kwa wiki hadi 50 kuanzia Aprili 2026, kulipita. Mapitio ya tathmini ya PIP yamekabidhiwa waziri Stephen Timms na yamepangiwa kumalizika mwaka 2026. Mikataba ya makampuni yanayofanya tathmini hizo ilianza upya Septemba 2024, kwa miaka mitano.