Google haikuoni? Angalia haya kwanza

Wadau, wengi mnaniuliza mbona kurasa zenu hazionekani Google. Kabla hujamlipa fundi, andika kwenye Google site: na anuani yako, bila kuacha nafasi. Hakuna kitu? Fungua faili la robots.txt. Ukikuta "Disallow: /" chini ya "User-agent: *", mlango umefungwa kwa ndani, futa mstari huo. Wa WordPress, nendeni kwenye mipangilio ya usomaji, mtoe tiki inayozuia mitambo ya kutafuta.

Kama zinatokea ila ziko mbali, tazama kichwa, yale maandishi ya bluu tunayobofya. Juzi nimepitia tovuti ya jamaa anayeuza simu za mitumba Mwanza, kila ukurasa kichwa "Karibu". Jamani, nani anatafuta "Karibu"? Aandike "Simu za mitumba Mwanza, bei na picha", na kila ukurasa uwe na chake.

Fundi anayetaka hela akujazie tagi ya maneno muhimu, mkatalie. Google ilishatangaza 2009 kuwa haiitumii kupanga matokeo. Na kuficha "simu simu simu" kwa maandishi meupe juu ya weupe ndiyo balaa, unaweza kuondolewa kabisa.

Ukisharekebisha subiri, siku kadhaa hata wiki.