Kadari, Dawa na Kifua Kikuu

Kila yazukapo maradhi ya kuambukiza hakosekani mtu wa kusema kwamba Muislamu haamini uambukizo, na kwamba aliyeandikiwa ugonjwa ataupata hata akijifungia ndani ya sanduku. Maneno haya husemwa barazani kwa sauti ya dini, na wengi huyanyamazia kwa kuchelea kuonekana wanaipinga dini. Yatupasa tuyatazame vizuri, kwani nyuma yake mna roho za watu.

Ni kweli imepokewa kwamba Mtume (S.A.W.) alikanusha uambukizo. Lakini wanazuoni wengi wameeleza kuwa alichokanusha ni itikadi ya Jahiliya, ya kwamba ugonjwa huenda kwa nguvu zake wenyewe pasipo idhini ya Mwenyezi Mungu. Mtume huyo huyo alikataza ngamia wagonjwa wasichanganywe na wazima. Tena aliamrisha kuwa tauni ikiingia katika nchi, aliye nje asiingie, na aliye ndani asitoke kwa kuikimbia. Sayyidna Umar alipokuwa njiani kwenda Sham, akapata habari ya tauni, alirejea Madina. Abu Ubayda akamwuliza kama anaikimbia kadari ya Mungu. Alimjibu kwamba anaiacha kadari moja ya Mungu na kuiendea nyingine. Jawabu hilo latosha kwa mwenye akili: ugonjwa ni kadari, na dawa nayo ni kadari.

Natutwae mfano wa kifua kikuu. Tarehe 24 Machi 1882, tabibu wa Kijerumani Robert Koch aliwaeleza wenzake mjini Berlin habari za kijidudu kiletacho maradhi haya. Mgonjwa wa mapafu akikohoa au akizungumza, vijidudu hutoka pamoja na pumzi vikaelea hewani, na aliye karibu huvivuta. Havipiti kwa sahani, wala kikombe, wala kwa kupeana mikono. Basi wale wamtengeao mgonjwa kijiko chake, kisha wakamfungia katika chumba kisicho na dirisha, wamejikinga pasipo na hatari na kuifuga hatari yenyewe. Hewa ipitayo na mwanga wa jua ni kinga kubwa, nyumbani na chuoni pia, mahali ambapo watoto hujazana kwa saa nyingi.

Si kila avutaye vijidudu huugua. Kiasi cha watu 5 hadi 10 katika kila 100 walioambukizwa ndio wauguao, na hatari huzidi kwa wenye virusi vya UKIMWI, wenye kisukari na watoto wadogo.

Ama tiba, streptomaisini ilipatikana Marekani mwaka 1943, na isoniazidi ikaanza kutumika kwa maradhi haya mwaka 1952. Lakini matibabu yalichukua mwaka mmoja na nusu, na wengi walichoka wakayaacha njiani. Mwaka 1970 wataalamu wa Afrika Mashariki wakishirikiana na wa Uingereza walianza utafiti katika hospitali za huku kwetu, wakalinganisha tiba ya miezi 6 na ile ya miezi 18. Matokeo ya kwanza yalitangazwa mwaka 1972: ikiongezwa rifampisini au pirazinamidi, miezi 6 yaweza kutosha. Basi tiba ya muda mfupi iliyoenea duniani imejengwa pia juu ya subira ya wagonjwa wa Afrika Mashariki, watu kama babu zetu na shangazi zetu. Kuitupa leo ni kuupoteza urithi wetu.

Utambuzi nao umeendelea. Hadubini huwakosa wagonjwa wengi, lakini mashine iliyokubaliwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2010 hupima makohozi kwa muda wa saa mbili hivi, ikaonyesha pia kama kijidudu kimekuwa sugu kwa rifampisini. Na kule Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Sokoine, panya buku wamefundishwa kunusa makohozi. Wanapoashiria sampuli ambayo hospitali haikuona kitu, hupimwa tena maabara. Ametakasika Mola aliyempa panya pua ya kumfaa mwanadamu.

Juu ya neema zote hizi, sisi wenyewe tunaziharibu kwa mambo mawili. La kwanza ni kuficha. Kijana hukohoa wiki mbili na zaidi, hukonda, hutoka jasho usiku, na wazee wakamficha wasije wachumba wakakimbia. La pili ni kuacha dawa. Kwa kawaida mgonjwa humeza dawa nne kwa miezi 2, kisha mbili kwa miezi 4. Baada ya majuma machache hupata nguvu akadhani amepona, au huona mkojo umegeuka rangi akaingiwa na hofu, ilhali hiyo ni rangi ya rifampisini tu. Akiacha, vijidudu vilivyobaki huweza kuwa sugu, na huo usugu atawaambukiza mke na wanawe.

Kombe na dua hatuvikatazi. Lakini asomewaye asiambiwe aache vidonge, kwani Mtume ametuamrisha tujitibu. Ikifika Ramadhani, Qurani imemruhusu mgonjwa kufungua na kulipa siku nyingine. Basi mwenye kutumia dawa amwulize tabibu wake kwanza, wala asiruke hata siku moja kwa rai yake.

Enyi wazazi, dawa hizi hutolewa bure katika vituo vya serikali, Kenya na Tanzania. Akipatikana mgonjwa mmoja nyumbani, wapelekeni wote wakapimwe, na watoto mbele. Nanyi vijana, kuweni wasimamizi wa wazee wenu: mmoja ashike kalenda, ahesabu vidonge kila siku mpaka mwezi wa 6 utimie. Hiyo ni huduma yenye thawabu.

Wabillahi taufiki.