Kwale wa Udzungwa

Mtahiniwa, kwenye maswali ya uhifadhi wengi hutaja tembo na faru, kisha hawana la kuongeza. Jifunze mfano mwingine wa hapahapa Tanzania: kwale wa Udzungwa.

Mwaka 1991 watafiti wa ndege kutoka Denmark walikuwa kambini katika milima ya Udzungwa. Ndani ya sufuria ya chakula wakaona miguu ya ndege isiyofanana na ya ndege yeyote waliyemjua. Wakamtafuta akiwa hai, na mwaka 1994 akatangazwa kuwa spishi mpya. (Mpya kwa sayansi, maana mpishi alikuwa amekwisha kumtia chunguni!)

Alichelewa kujulikana kwa sababu ya maisha yake. Huishi katika misitu ya mlimani yenye ukungu, hasa juu ya mita 1,300, akitembea chini katika vikundi vidogo na kuchakura majani makavu ili apate wadudu na mbegu. Rangi yake ya kahawia na kijivu humficha, ingawa mdomo ni mwekundu. Usiku hupanda mtini kulala.

Sasa soma kwa makini, kwani hapa ndipo penye alama. Ndugu zake wa karibu si kwale tuwaonao mashambani. Ni kwale wa misitu ya Asia. Wanasayansi hueleza kwamba zamani, hali ya hewa ilipokuwa na unyevu zaidi, jamii hii ilienea sehemu kubwa. Bara lilipokauka, misitu ilipungua. Milima ya Tao la Mashariki, ambayo Udzungwa ni sehemu yake, iliendelea kupata mvua kutoka Bahari ya Hindi, na kwale huyu akabaki humo.

Kwa hiyo ukiulizwa athari za kukata misitu hiyo, usiandike tu "ndege watatoweka". Eleza sababu: ndege huyu hutegemea kivuli na unyevu wa msitu, na nje yake kuna nchi kavu na mashamba asikoweza kuishi. Msitu ukimegwa, hana pa kuhamia. Taja pia mitego ya tanzi, ambayo humnasa kirahisi kwa kuwa hutembea chini.

Mwaka 2000 kwale wa aina hiyo walionekana pia katika milima ya Rubeho. Mwaka 2005 baadhi ya wataalamu waliwatenga kuwa spishi ya pili.