Tarakilishi haikuharibika, ilikosa majina tu

Wahenga walinena kwamba kuuliza si ujinga. Naam, lakini aulizaye sharti awe na lugha ya kuulizia, na aulizwaye naye sharti awe na lugha ya kujibia. Pasipo na lugha hiyo, swali jema hugeuka lawama na jibu hugeuka amri.

Hivi majuzi niliunganishiwa intaneti ya fiba nyumbani kwangu jijini Nairobi. Fundi wa kampuni aliwasili asubuhi, akavuta uzi mwembamba wa kioo kutoka nguzo ya barabarani hadi sebuleni, akauchomeka katika kisanduku kinachogeuza mwanga kuwa ishara za umeme, kisha akaunganisha ruta. Simu yake ilifungua tovuti papo hapo, na yangu vivyo hivyo. Alipotaka kuona tarakilishi yangu ikifanya kazi, niliiwasha na kuiunganisha na ruta kwa waya. Hapana ukurasa hata mmoja uliofunguka.

Fundi aliutazama uso wa mashine, akakunja kipaji. "Mwalimu, hii si Windows," alisema. Nikamjibu kuwa ni Linux. "Basi shida ni hiyo. Sisi hatuhudumii Linux. Tafuta mtu akuwekee Windows, halafu utupigie simu." Akanipa karatasi niitie sahihi, akaenda zake.

Msomaji huenda akauliza ni kiherehere gani kilichonipeleka huko. Sikuhamia Linux kwa kupenda mambo mapya. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilikomesha huduma za kawaida za kuiimarisha Windows 10. Mrithi wake, Windows 11, hudai vifaa vya usalama ambavyo tarakilishi nyingi kuukuu hazina, na yangu ni mojawapo. Nilikuwa na njia tatu: kununua mashine nyingine, kuendelea kutumia mfumo ambao nyufa zake hazizibwi tena, au kutafuta mfumo usiodai chochote zaidi ya mashine niliyo nayo. Kwa mshahara wa mhadhiri, uamuzi haukuwa mgumu.

Linux si kitu cha jana. Kiini chake kilitangazwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, wakati huo akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Ufini. Yeyote anaruhusiwa kukitumia, kukichunguza, kukirekebisha na kumgawia jirani. Toleo nililo nalo mimi huitwa Ubuntu, lililoanza kutolewa mwaka 2004 chini ya Mark Shuttleworth, mzaliwa wa Afrika Kusini. Sisi wanaisimu hatuwezi kulipita jina hilo kimya. Ubuntu na neno letu utu ni ndugu wa tumbo moja. Mzizi wao ni ule ule wa Kibantu, ila Kiswahili kimeiangusha ile n iliyotangulia t. Kwa hivyo yule fundi, bila kujua, alikuwa ameniambia kwamba kampuni yake haihudumii utu.

Jioni nilimpigia simu kijana niliyemfundisha zamani, ambaye siku hizi hutunza tarakilishi katika ofisi moja ya umma. Nilimweleza mkasa wote. Hakuniambia niondoe Linux. Aliniuliza maswali matatu, yote kwa Kiswahili.

"Mwalimu, kwanza ulizia ruta kama ipo." Nikafungua dirisha la kuandikia amri, nikaandika ping na kuifuatisha anwani ya ruta, ambayo kwangu ni 192.168.1.1. Ruta ikajibu. "Basi waya ni mzima na mashine imepewa anwani. Sasa toka nje ya lango. Ulizia 8.8.8.8." Hiyo ni anwani ya seva ya Google iliyo wazi kwa umma. Nayo ikajibu. "Intaneti unayo, Mwalimu! Sasa ulizia tovuti yoyote kwa jina lake." Nikaandika jina la tovuti ya gazeti. Kimya.

Kijana akacheka kwa adabu. "Mwalimu, wewe ndiye uliyetufundisha kwamba jina si kitu chenyewe, bali huhitaji mapatano ya kulifunga na kirejelewa chake. Mashine yako inazijua tarakimu, ila haina wa kumwuliza majina."

Hapo nilielewa. Tarakilishi haziitani kwa majina kama sisi. Huitana kwa tarakimu. Tuandikapo jina la tovuti, mashine hukimbilia kwanza kwa seva ya majina, ambayo ni kamusi ya intaneti, ili kuuliza jina hilo lina anwani gani. Kamusi ikikosekana, njia zote ziko wazi lakini hakuna ajuaye aendako.

Na kwa nini kamusi yangu ilikosekana? Kosa lilikuwa langu mwenyewe. Ofisini natumia waya, na miezi kadhaa iliyopita niliagizwa niandike kwa mkono anwani ya seva ya majina ya mtandao wa ofisi. Anwani hiyo haifikiki kutoka nje. Mashine yangu, kwa utiifu wa punda, iliendelea kuibeba hadi nyumbani, ikipiga hodi kwenye mlango usiokuwapo. Nilifungua mipangilio ya mtandao, nikaifuta anwani ile, nikachagua ruta iwe ikitoa seva ya majina yenyewe. Nikachomoa waya na kuuchomeka tena. Gazeti likafunguka. Kazi yote ilichukua muda usiozidi wa kunywa kikombe cha chai.

Nalisimulia hili si kwa kumcheka fundi. Kijana yule alifundishwa kubofya mahali fulani pa Windows, na palipokosekana mahali hapo, maarifa yake yalikoma. Hakufundishwa kwamba ruta haijali mashine iliyo mbele yake inatumia mfumo gani, maadam inafuata kanuni zile zile za mawasiliano. Alikaririshwa hatua bila kufunzwa maana. Ugonjwa huu tunaujua vyema sisi walimu, na hatuna haki ya kujitoa lawamani.

Ajabu ni kwamba kosa hilo hilo lingeweza kutokea katika Windows. Laiti ningalitii shauri la fundi, ningalifuta mfumo mzima na pengine nyaraka zangu, kwa sababu ya mstari mmoja wa tarakimu.

Wapo watakaosema kwamba mambo haya hayafundishiki kwa Kiswahili, kwani hakina msamiati. Mwanafunzi wangu alinifundisha kwa simu akitumia waya, anwani, lango, jina na seva; sikuhitaji neno jingine. Kwa kweli tatizo letu aghalabu si uchache wa maneno. Kifaa kimoja tumekiita kompyuta, tarakilishi na ngamizi, tukakesha tukibishana lipi ni sanifu, ilhali mwongozo wa kukitumia hatujauandika. Wenzetu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walituonyesha njia mapema: mwaka 2004, kupitia mradi wa Kilinux, walitoa programu za ofisi zilizotafsiriwa kwa Kiswahili kwa jina la Jambo OpenOffice. Waliweza kwa sababu programu hizo zilikuwa huru, na hakuhitajika mtu wa kuombwa ruhusa.

Katiba yetu ya 2010, katika kifungu cha 7, inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Kifungu cha 46 kinampa mtumiaji haki ya kupata habari zinazohitajika ili afaidike kikamilifu na bidhaa na huduma. Nikiviweka vifungu hivyo viwili pamoja, naona kampuni zinazotuuzia intaneti zina deni. Sidai kila fundi awe bingwa wa Linux. Najua wateja wa aina yangu ni wachache, na biashara ina hesabu zake. Nadai karatasi moja tu, ya Kiswahili chepesi, iachwe pamoja na ruta: hivi ndivyo utakavyoijaribu ruta, hivi ndivyo utakavyojaribu kutoka nje ya lango, hivi ndivyo utakavyojaribu majina. Karatasi hiyo ingemfaa mwenye Windows, mwenye Linux na hata mwenye simu.

Nasi wa vyuoni tuna deni letu. Wanafunzi wengi hutumia tarakilishi kuukuu walizorithi, na sasa wanaambiwa mashine hizo zimepitwa na wakati. Hazijapitwa. Zinahitaji mfumo usio na gharama na mtu wa kueleza kwa lugha inayoeleweka. Muhula ujao nitatenga saa moja ya kipindi changu cha istilahi ili tuiandike karatasi ile mimi na wanafunzi wangu, kisha tutampelekea yule fundi nakala ya kwanza.

Nitamwomba aisome na atuonyeshe tulipokosea. Kuuliza si ujinga, hata kwa mwalimu.