Ukaguzi wa ardhi iliyoathiriwa na majitaka ya viwanda vya chakula

Ukaguzi wa ardhi iliyoathiriwa na majitaka ya viwanda vya chakula ni uchunguzi unaofanywa shambani ili kujua kama maji machafu ya kiwanda yamebadilisha udongo, kwa kiasi gani, na kama rutuba inaweza kurudi. Matokeo yake husaidia kuamua nani atagharimia urekebishaji na kama mkulima anastahili fidia.

Mazingira ya Ipogolo

Ipogolo ni eneo la Manispaa ya Iringa, nchini Tanzania. Liko bondeni, kwenye barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Mbeya, chini ya kilima penye mji. Mto Ruaha Mdogo hupita katika bonde hilo, kisha huingia Ruaha Mkuu kuelekea bwawa la Mtera. Mkoani Iringa husindikwa maziwa, nyanya, matunda na nafaka. Wakulima hulima pia vinyungu, yaani bustani za mabondeni zinazotegemea unyevu wa ardhini wakati wa kiangazi. Maji yanayomwagwa mteremkoni huishia huko, kwa hiyo mwenye kinyungu anaweza kupata hasara hata akiwa mbali na kiwanda.

Yaliyomo katika majitaka

Majitaka haya hubeba sukari, protini, mafuta na mabaki ya mboga. Bakteria wanapoyaozesha hutumia oksijeni nyingi. Kiasi hicho hupimwa kwa kipimo kiitwacho BOD. Kanuni za Tanzania za mwaka 2007 zinaruhusu majitaka yenye BOD isiyozidi miligramu 30 kwa lita. Maji yanayobaki baada ya kutengeneza jibini huweza kuzidi miligramu 30,000. Soda ya kostiki inayotumika kuoshea mitambo huongeza sodiamu, ambayo huvunja muundo wa udongo.

Dalili shambani

Mkaguzi hutazama kwanza:
- ukoko mweupe wa chumvi juu ya udongo;
- utando wa mafuta na maji yanayotuama bila kunywea;
- udongo mweusi wenye harufu ya mayai viza, ishara ya kukosa hewa;
- majani ya njano na mizizi iliyooza;
- kutoweka kwa minyoo.

Dalili hizi pekee hazitoshi kuwa ushahidi. Mbolea nyingi, choo cha jirani au mafuriko vinaweza kuleta baadhi yake.

Uchukuaji wa sampuli

Sampuli huchukuliwa katika sehemu 10 hadi 15 za shamba, kwa kina cha sentimita 0–20 na 20–40, na kila kina huchanganywa peke yake. Vilevile huchukuliwa sampuli ya kulinganisha kutoka shamba la jirani lenye udongo wa aina ileile ambalo halikufikiwa na maji hayo. Bila sampuli hiyo ni vigumu kuthibitisha kwamba badiliko limetokana na kiwanda. Maji huchukuliwa kwenye mdomo wa bomba, juu yake na chini yake mtoni, kisha huhifadhiwa katika baridi ya takriban nyuzi 4 za Selsiasi na kufikishwa maabara haraka. Tarehe, saa, mahali na jina la mchukuaji huandikwa palepale.

Maabara hupima pH, chumvi, sodiamu na mata ogania. Kwa kawaida udongo huhesabiwa kuwa wa chumvi upitishaji wake wa umeme unapozidi desisimensi 4 kwa mita, na wa sodiamu inapofikia asilimia 15 ya ayoni zinazobadilishana.

Sheria

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inawapa wakaguzi wa mazingira mamlaka ya kuingia eneo na kuchukua sampuli. Inafuata pia kanuni kwamba mchafuzi hulipa, na inaruhusu kutolewa kwa amri ya kurejesha mazingira. Sheria hiyo ya 2004 ilikabidhi usimamizi wa utekelezaji kwa Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC). Vibali vya kumwaga majitaka mtoni hutolewa na bodi za maji za mabonde. Kwa Ruaha ni Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji.

Urekebishaji

Tofauti na metali nzito, mabaki ya chakula huoza. Umwagaji ukikoma na shamba likapata hewa, udongo mwingi hupona. Palipo na sodiamu huwekwa jasi, kisha udongo husuuzwa kwa maji safi yenye njia ya kutokea. Baada ya hapo sampuli hurudiwa, kwa sababu shamba kuwa kijani si uthibitisho kwamba limepona.