Mheshimiwa akishtakiwa, sheria ni ile ile?

Kila mara mheshimiwa akitajwa kwenye kashfa ya ngono, maoni hugawanyika kabla hata chai ipoe. Kuna wale wa "hiyo ni siasa, amewekewa mtego", na kuna wale wa "huyo hata afanye nini hawezi fungwa". Kama kawaida hapa sitaji mtu wala chama. Nataka tu tuangalie usawa unapotelea wapi, kwa sababu sio pale wengi wanadhani.

Kwanza tutenganishe mambo. Mheshimiwa kuwa na mpango wa kando si jinai Kenya. Mkewe anaweza kuomba talaka kwa Sheria ya Ndoa ya 2014, basi. Mtoto akizaliwa, Kifungu 53 cha Katiba kinampa baba na mama jukumu sawa, wawe wameoana au la. Hiyo ni kesi ya matunzo, sio ya jela. Lakini kumlazimisha mtu, au kutumia ofisi kumpata, hiyo ni jinai. Tukichanganya hizi mbili tunamsaidia mkosaji, maana atatoka tu aseme "hayo ni maisha yangu ya kibinafsi" na watu wapige makofi.

Kwenye karatasi, sheria haimwogopi mkubwa. Soma Sheria ya Makosa ya Ngono ya 2006. Sehemu ya 23: mwenye mamlaka au ofisi ya umma akimsumbua mtu kimapenzi tena na tena akijua hatakiwi, ni kifungo kisichopungua miaka 3, au faini isiyopungua 100,000, au vyote viwili. Sehemu ya 43 inaenda mbali zaidi: kama mamlaka ya mtu ndiyo yalimfanya mwingine ashindwe kukataa, hiyo si ridhaa. Na kinga? Katiba inamkinga rais tu na mashtaka ya jinai akiwa ofisini, Kifungu 143. Gavana, mbunge, waziri, MCA, wote wanaweza simamishwa kizimbani kama mimi na wewe.

Sasa shuka chini. Chukua msichana wa Sango au Kongoni, huku kwetu Likuyani. Anafaa kufika hospitali ndani ya saa 72 ili apate dawa za kuzuia HIV. Anahitaji nambari ya OB, anahitaji P3 ijazwe na polisi na daktari. Mara nyingi kabla hajamaliza hata hatua moja, wazee wameshaketi na babake, liguru ako hapo, na kuna bahasha. Kisheria kesi ya jinai ni ya Jamhuri, sio ya familia, na mkurugenzi wa mashtaka ya umma hawezi kuiondoa bila ruhusa ya korti (Kifungu 157). Lakini kesi ambayo haikufika kwa OB, nani ataiondoa? Haikuwahi kuwepo.

Mnakumbuka Busia, 2013. Msichana wa miaka 16 alishambuliwa na genge. Washukiwa watatu wakapelekwa polisi, "adhabu" yao ikawa kufyeka nyasi za kambi, kisha wakaenda nyumbani. Ilibidi watu zaidi ya milioni moja watie sahihi kwenye ombi la kudai haki na maandamano yafike Nairobi. Mwaka wa 2015 watatu wakafungwa miaka 15. Na hao hawakuwa wanasiasa! Hawakuwa na wakili wa bei wala bloga wa kulipwa. Ongeza hayo mawili, halafu upige hesabu mwenyewe.

Watu hukasirika mheshimiwa akiachiliwa kwa dhamana. Mimi hapo sioni shida, dhamana ni haki ya kila mshukiwa, Kifungu 49. Shida ni kwamba yeye analipa kabla ya saa sita mchana, na kijana wa boda anakaa rumande miezi.

Silaha kubwa ya mkubwa ni muda. Kifungu 99 kinamzuia mtu kugombea ubunge kama amehukumiwa kifungo cha angalau miezi 6, lakini sio mpaka rufaa zote ziishe. Hakimu, Mahakama Kuu, Mahakama ya Rufani. Muhula wa bunge ni miaka 5. Kifungu hicho kina maana, otherwise serikali yoyote ingemfunga mpinzani wiki moja kabla ya uteuzi. Lakini pia kinamaanisha mtu aliyepatikana na hatia ya ubakaji anaweza kuwa kwenye karatasi ya kura 2027, akiomba kura kwa mashahidi wake.

Inawezekana kuwa tofauti. Israeli ilimfunga rais wake wa zamani miaka 7 kwa ubakaji mwaka wa 2011, na mahakama yao ya juu ikakataa rufaa mwaka huo huo.

Kwa hivyo stori ya kashfa ikitoka, mimi siulizi kama "ni siasa". Nauliza: kuna OB? Mashtaka yamewasilishwa? Kesi itatajwa lini tena? Mlalamishi yuko salama wapi? Mkipata majibu ya hayo manne, wekeni hapa chini. Wale wanauliza kuhusu Kifungu 104, ile ya kumrudisha mbunge nyumbani kabla ya uchaguzi, hiyo ni uzi wa Ijumaa.